Mkanda Unaogonga

2 Februari

Kwako mwanangu,

Natumaini hujambo na viganja vyako vimepona yale malengelenge. Uliponiandikia kwamba huko hotelini unapiga pasi mashuka mia tatu kwa siku, niliitazama mikono yangu nikaona mimi na sare zangu za shule ninacheza tu. Huku wote wazima isipokuwa mimi, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu kabla Baba yako Mdogo hajakupigia simu kutoka kwenye lori lake na kulikuza.

Ziwa la kushoto limekatwa. Lilikuwa na uvimbe mbaya, daktari akasema litoke, likatoka. Sasa napigwa dawa ya dripu, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza imeshapita na nywele zimeanza kubaki kwenye mto. Usilie, na wala usiache kazi uje kunikalia kitandani kama unalinda maiti. Nimekulea tangu kaka yangu alipofariki, sitaki unilee mimi kabla ya wakati wake.

Tena siko peke yangu, nina mbwa. Nilimtoa mtaroni mwaka juzi, waya wa mtego umemkaba mguu wa nyuma hadi kwenye mfupa. Niliukata kwa mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao utotoni nilikupiga vidole ukiugusa. Nimemwita Kiraka kwa ajili ya doa jeusi alilo nalo jichoni. Waya sikuutupa, fundi hatupi kitu. Mkanda wa cherehani ulipokatika niliuunga kwa waya huohuo. Tangu hapo gurudumu likizunguka fundo linagonga, ta, ta, ta, na majirani wanasema nashona kwa nyundo. Wacha waseme, mshono umenyooka.

Kiraka anachechemea lakini ana masikio. Awe popote mtaani, nikianza kushona anakuja kulala chini ya meza, kidevu juu ya mguu wangu. Siku ile ya dripu nilirudi sina hata sauti. Niliketi mashineni, nikakanyaga mara mbili tatu, akaja. Alikaa hapo hadi jioni, na sikuhitaji mtu mwingine.

Shangazi yako


15 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje na kidonda? Unakula? Barua yako niliisomea kwenye chumba cha mashuka, nikalia hadi msimamizi akaja kuuliza nani amekufa. Nisamehe, najua ulinikataza.

Kuna dada ninayepiga naye pasi, mama yake alitibiwa kwa dripu kama zako. Anasema dawa hiyo inaua askari wa damu, mtu anabaki mlango wazi, hata mafua yanaweza kumchukua. Na wewe unalala na mbwa wa mtaroni miguuni. Shangazi, nakuomba, awekwe kwingine mpaka umalize. Ni miezi michache tu. Mimi sina baba, sina mama, nina wewe.

Halafu ile simu niliyokutumia iko wapi? Napiga haiiti.

Mwanao


27 Februari

Kwako mwanangu,

Sijambo, kidonda kimefunga, na chakula nakila nikitaka nisitake. Simu iko kabatini, imelala salama. Maneno ya simu yakishasemwa yamekwenda na upepo. Barua naikunja, naitia kwenye kopo la vifungo, nikikukumbuka naisoma tena na kukugombeza upya.

Kuhusu mbwa. Mimi si mtoto, nilimuuliza daktari. Akaniuliza ni mbwa wa aina gani, nikamwambia aina yangu. Akacheka, akasema achanjwe, aogeshwe, asilambe kidonda, na mimi ninawe mikono kila ninapomgusa. Basi nikampeleka kwa daktari wa mifugo nikiwa nimejifunga kilemba. Sasa Kiraka ana cheti cha chanjo. Mwenye duka jirani hana cheti chochote, anakohoa kwenye unga anaouza, na ndiye wa kwanza kunishauri nimfukuze mbwa.

Nikuambie jambo moja, kisha tulifunge. Baada ya dripu ya pili nilitapika siku tatu, chakula sikitaki hata kukiona. Niliona na yeye hagusi sahani yake. Nikasogeza yangu, nikala kijiko kimoja, akala. Nikaacha, akaacha. Nilimaliza ile sahani kwa hasira ili mbwa wa watu asife njaa kwa ukaidi wangu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hawakusema awe na miguu mingapi.

Haondoki. Atakayemtaka anianze mimi.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimeelewa, sitarudia. Pole kwa dripu ya tatu.

Nimewaza nikupe nini kutoka huku mbali. Nimemwomba Baba Mdogo alete fundi wa vyerehani siku ya dripu ya nne, wakati uko hospitali. Atafunga mkanda mpya, atatia mafuta, ile kelele iishe kabisa upate kupumzika. Funguo mwachie yeye. Usinikatalie hii, ni zawadi.

Mwanao


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, ingawa hunijibu. Wiki sita sasa. Kila siku napita mapokezi kuuliza kama kuna barua yangu, hata yule wa mapokezi ameanza kunionea huruma. Baba Mdogo alikuwa hapokei simu. Leo amepokea, na amenieleza yote.

Kwa hiyo huna haja ya kunificha, na mimi sina haja ya kukuficha. Zawadi ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa pia kifuniko. Nilimwomba amchukue Kiraka siku hiyohiyo, ampakie kwenye lori, amweke kwa mlinzi wa yale machimbo anakobeba kokoto, akae huko mpaka dripu ziishe. Niliwaza ungekasirika wiki moja, kisha ungepona. Kumbe siku ya tatu alitafuna kamba akapotea.

Sikutaka akose kwao, nilitaka wewe ubaki hai. Zaidi ya hapo sikufikiri. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mwanao mwenye kosa


28 Aprili

Mtoto wa marehemu kaka yangu,

Salamu nimeziacha. Zitakuja zenyewe zikiona inafaa.

Mlinisubiri nilale na sindano mkononi, mkaingia nyumbani kwangu. Nilirudi kwa kushikiliwa, nikaketi mashineni, nikakanyaga. Mashine ilizunguka kimya, laini kama samli. Nikakanyaga tena. Nilidhani yuko mbali, nikamngoja mpaka nikalala palepale, kichwa juu ya meza. Asubuhi mdogo wangu akaja na maneno ya mafumbo. Nilimtoa nje kwa rula ya mbao, na bado nilikuwa na dripu mwilini. Siku mbili baadaye alikiri akiwa mlangoni kwamba mbwa katoroka machimboni.

Dripu ya tano nimekwenda. Usidhani ni kwa ajili yako wala kwa ajili ya daktari. Anayetafuta anahitaji miguu.

Wiki iliyopita miguu ilirudi kidogo. Kuna mvuta mkokoteni hapa mtaani ambaye nilimshonea binti yake sare. Alipakia cherehani yangu, meza na kila kitu, na mimi juu yake nimeshika gurudumu, tukaenda hadi machimboni. Watu walitoka madukani kutazama. Kilemba kilidondoka njiani na sikukirudia, kichwa ni changu, waone. Kule kuna wanawake wanaopasua kokoto. Walisema mbwa mwenye doa jichoni yupo, anazurura upande wa pili wa shimo, haji kwa mtu. Nikaweka mashine kando ya barabara nikashona kutwa nzima. Hakuja.

Siku ya pili tulirudi, nikamwona. Alisimama ng'ambo ya shimo, mguu wake ule ameunyanyua. Nilimwita, sauti ikatoka ya mgonjwa, hata mimi sikuitambua. Alinitazama, mimi huyu nisiye na nywele, niliyepungua nusu, ninayenuka dawa mpaka kwenye jasho. Akageuka akaenda zake. Nimekatwa ziwa sikulia. Siku hiyo nililia mbele ya watu.

Tukiwa tunarudi, mvuta mkokoteni akaniambia, "Mama Fundi, siku hizi mashine yako haigongi. Zamani ulikuwa unaniamsha." Nikamwambia asimamishe mkokoteni. Nilikaa pale barabarani nikiwaza mambo ya miaka miwili. Mimi nilidhani mbwa anakuja kwa sababu nashona. Hajui kushona ni nini. Anajua lile fundo. Ule waya ulimuuma, kisha ukawa mlio wa mahali asipoumizwa, na nyinyi mmeutoa mkaweka mkanda wa dukani.

Jana nimekwenda kwa yule fundi. Mkanda wa zamani aliukata akaufanya vishikio vya patasi. Lakini ni fundi, hatupi kitu. Nilipekua kopo lake la vyuma chakavu, misumari, skrubu, nikaupata waya, umepinda vilevile nilivyoupinda. Aliniambia nikiufunga tena naiharibu mashine. Nikamwambia aniachie niiharibu, mashine ni yangu.

Kesho kutwa narudi machimboni. Usiniandikie kuniambia nipumzike.

Dada wa marehemu baba yako


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika kwenye sahihi nasimama. Hujawahi kujiita hivyo kwangu. Nakubali, nimeipata kwa mikono yangu.

Sikuambii upumzike. Nauliza mambo mawili tu. Dripu ya sita ilikuwaje? Na Kiraka alisikia?

Nimeomba likizo na nimepewa. Tarehe kumi na nne Juni nitashuka stendi, unitake usinitake. Ukinifungia mlango nitakaa nje mpaka uchoke. Ukaidi huo sikuuokota barabarani, nimeurithi. Niambie nikuletee nini.

Mimi


24 Mei

Kwako mwanangu,

Hujambo? Wenzako wa mashuka hawajambo? Salamu zimerudi kama unavyoona. Zilichelewa kwa sababu nilikuwa na kazi.

Huo mkanda wa zawadi yako niliukata kwa mkasi, nikauunga kwa waya. Sikuuonea huruma hata kidogo, na mshono wa kwanza ulipogonga mwenye duka alitoka kulalamika. Nikamwambia azoee.

Tarehe thelathini Aprili nilikuwa machimboni tangu asubuhi. Nilikanyaga. Wale wanawake wa kokoto waliona mashine haina kazi wakaniletea nguo zao, nikaziba mifuko mitatu na kupandisha pindo moja, ta, ta, ta, shimo zima linaitikia. Mchana hakuna kitu. Kanyagio likaanza kunishinda. Mmoja wao, mkubwa kwangu, akaketi chini akawa ananisaidia kusukuma kanyagio kwa mkono, hakuuliza kwa nini.

Saa tisa alitokea. Hakukimbia kama mbwa wa hadithi. Alikuja akichechemea, anasimama, anasikiliza, anakuja tena. Hakunitazama usoni hata mara moja. Alipita chini ya meza, akanusa waya ulipokuwa unazunguka, akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Uzi ulikuwa umekwisha zamani. Niliogopa nikiacha ataondoka, basi nikaendelea kukanyaga bila uzi wala kitambaa mpaka mvuta mkokoteni alipokuja kutuchukua. Mwanangu, nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu.

Amekonda, ana upele, masikio yamejaa kupe. Mimi sina nywele, yeye ananyonyoka. Daktari wa mifugo alitutazama akauliza nani anatibiwa. Tukaenda sote kwenye dripu ya sita, yeye akabaki getini na mvuta mkokoteni, na nilipotoka alikuwa palepale. Tangu hapo anakula nikila. Nimeongezeka kilo mbili, yeye nne, mwizi huyu.

Daktari wangu hajasema nimepona. Amesema nirudi baada ya miezi mitatu atazame tena. Nikamwambia nitarudi, lakini asizoee kunikata. Kama kuna kingine kinakuja, kije, kitanikuta mashineni.

Wewe ulinikosea. Uliniogopea hadi ukanichukulia kilichokuwa kinanilisha. Nimekasirika na nimekusamehe, vyote viwili vimo, na vitakaa pamoja mpaka kimoja kichoke. Baba yako Mdogo naye nimemsamehe nusu; nusu nyingine anailipa kwa kumwogesha Kiraka kila Jumapili, na mbwa anajua kwa nini, hamrahisishii.

Njoo. Usilete mafuta ya cherehani, usilete mkanda, usilete fundi. Njoo na hiyo mikono yako, kuna sare arobaini za kupigwa pasi kabla shule hazijafunguliwa. Mtaa umebadilika kidogo tangu uondoke, wamejenga, unaweza kupotea. Ukishuka stendi usiulize mtu. Simama kidogo usikilize kunakogonga, uje.

Shangazi yako