Sura ya Baba Ukutani, Wete

Mama,
Nakushika miguu kutoka Wete. Masika yamepamba moto, na chumba kidogo cha maonyesho yetu, sisi wachoraji watano tunaoanza, kinanukia karafuu kwa kuwa zamani kilikuwa ghala. Mimi nimetundika ile sura ya marehemu Baba.

Jana aliingia bibi mmoja, buibui lake limelowa chepechepe. Alizipita picha zote, akasimama mbele ya Baba. "Huyu kakangu Hamadi," akaniambia. "Hajambo huko Tanga?"

Mama, mbona hatukuwaandikia ndugu zake wa huku? Miaka mitatu tangu tumzike, nami ndiye niliyemwambia, nimesimama na kalamu mkononi. Akasema, "Inna lillahi," akakaa sakafuni pale pale. Watazamaji nao wakavua viatu, wakakaa, wakamsomea Baba Fatiha. Maonyesho yakageuka matanga.

Shangazi hakunilaumu. Alisema tu kwamba kila Idi humwekea Baba sahani yake ya pilau, asije akatokea akakosa. Idi hii amenitaka niende nikaile mimi.

Niombee, Mama, chakula kipite kooni.

Mwanao akupendaye,
Rukia