Mwano Nilioupiga kwa Ajili ya Lukas

Jumamosi, mwezi wa saba, 1952. Kolandoto, kwenye benchi nje ya hospitali.

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Jua linashuka, mabega yamenivimba, na Lukas yuko ndani. Hakuna aliyetoka kuniambia neno.

Naandika ili nisikae bure. Daftari hili halitoki mfukoni mwangu, maana mimi ni mtu wa kalamu. Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza kwa kuwa mwalimu mwenyewe aliishiwa cha kunifundisha.

Hapana. Leo nisianze hivyo. Niliacha shule kwa sababu hesabu za kugawanya zilinishinda.

Lukas ni Mzinza. Tulifanya naye kazi chini ya ardhi, kwenye dhahabu, kule upande wa Geita. Miamba ilimponda mguu, na kwao hakubaki mtu wa kumpokea, basi huu mwaka wa sita anakaa kwangu Samuye. Mke wangu humpikia. Mimi humwogesha, humfunga kidonda, humtoa nje aote jua. Kanisani natajwa. Mwalimu wetu wa dini akifundisha habari ya kujitwika msalaba kila siku na kumfuata Bwana, hunyoosha kidole: mtazameni Elia. Nami huinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku najua macho yote yapo kwangu.

Maana Samuye nzima inajua kwamba siku ile miamba ilipoanguka, mimi nilimtoa Lukas mgongoni, peke yangu, gizani, ngazi mia. Kila nikisimulia, ngazi huongezeka. Safari moja niliweka na nyoka.

Kweli ni kwamba nilikimbia.

Nilisikia matimba yakilia, zile nguzo za miti zinazoshika dari la shimo. Dari likashuka, Lukas akabanwa. Nikamwambia naenda kuita watu. Nikapanda ngazi, nikatoka juani, nikakaa chini, na sikumwita mtu. Mdomo ulikataa. Waliomtoa ni watu wa zamu nyingine waliomsikia wenyewe, saa nyingi baadaye.

Lukas anajua yote haya. Miaka sita ananisikia nikisimulia mbele yake, naye hutazama magongo yake tu. Mimi nimepata sifa, yeye amepata magongo.

Wiki hii kidonda kilifumuka. Kikanuka. Juzi homa ikapanda, akaanza kuongea na mama yake aliyekwisha kufa. Ilikuwa wazi kwamba asipofika Kolandoto upesi tutamzika.

Jana mchana alikuja Kulwa, nsumba ntale wetu, yaani kiongozi wa vijana wa kazi, na wenzake wawili. Akasema watu wote wako kwenye pamba, ila atatoa wanne wa machela. Halafu akawakonyeza wenzake.

"Au Mjomba, watu wa nini? Si ulimbeba mwenyewe kutoka shimoni, ngazi mia?"

"Mia mbili," nikamsahihisha.

Wakacheka. Na hapo ndipo nilipojiponza. Mtu mwenye akili angecheka nao na kuomba watu wake wanne. Mimi nilisema: acheni watu wachume pamba, nitambeba.

Mke wangu alinitazama. "Baba Rahabu, kwa mgongo upi? Huu unaolalamika ukibeba debe moja la maji?"

Nikamwambia mzigo wangu ni msalaba wangu, wanawake hawaelewi mambo hayo. Lukas alikuwa macho, alisikia.

Leo jua lilipochomoza mke wangu alimfunga mgongoni kwangu kwa kanga mbili, kama mtoto. Nikatoka nikiimba, majirani wasikie. Tulipopita uzio wa minyaa wa nyumba ya mwisho niliacha kuimba. Lukas amekonda, lakini mtu mzima aliyelegea ni mzito kuliko gunia. Joto la mwili wake lilipenya shati langu. Nilihesabu hatua, nikapumzika, nikahesabu tena. Kwenye korongo, kabla hata hatujafika barabara kubwa, goti langu likapiga chini. Tukaanguka wote wawili. Kidonda kikapasuka, damu na usaha vikaingia mchangani.

Nilijaribu kumwinua. Nikajaribu tena. Macho yake yalikuwa yamegeuka meupe, kisha yakarudi.

"Nakimbia kijijini," nikamwambia. "Naenda kuita watu."

"Elia," akasema polepole. "Ulisema hivyo hivyo."

Sijawahi kuogopa kiasi kile, hata shimoni. Nikikaa, anakufa. Nikienda, najua jinsi miguu yangu ilivyo.

Basi nikapiga mwano.

Kwetu mwano haupigwi ovyo. Ni yowe la simba zizini au la wezi wa ng'ombe. Mwanamume akilisikia hutupa jembe na kukimbia, asipofika anahukumiwa. Na anayeupiga bure naye anahukumiwa. Kwa mgonjwa hupigi mwano, unatuma mtu. Mimi sikuwa na wa kumtuma. Nilisimama juu ya ukingo wa korongo, nikapiga mpaka koo likachanika, na mkono wangu mmoja nimeuelekeza chini kwa Lukas aone kwamba bado nipo.

Wakajibu mashambani. Mmoja, kisha mwingine, kisha pande zote. Wakaja mbio na mikuki na pinde, wengine pamba ingali viunoni. Kulwa mbele.

"Simba yuko wapi?"

"Hakuna simba."

"Ng'ombe za nani zimechukuliwa?"

"Hakuna ng'ombe. Nimeshindwa kumbeba Lukas. Na shimoni sikumbeba. Nilimkimbia."

Mzee mmoja akatema mate pembeni. Nyuma sauti ikauliza:

"Na yule nyoka?"

"Hata nyoka hakuwepo."

Hakuna aliyecheka. Ningelipa chochote wacheke. Kulwa alikwishaanza kukata miti, wengine wakavua mashuka, machela ikafungwa kabla sijamaliza kufuta kamasi zangu.

"Mwano wa bure una hukumu yake, Mjomba, tutakaa tuizungumze," akasema. "Sasa shika huku nyuma."

Nikashika. Tukaenda mwendo wa kukimbia, watu wanapokezana bila kusimama. Mimi sikutoka. Nilitaka mti ule unikate bega mpaka mfupa. Karibu na mjini Kulwa akaja ubavuni kunipokea, nikatikisa kichwa.

"Mjomba, mpaka sasa unataka peke yako?"

Nikampa mti.

Sijui kwa nini hilo lilikuwa gumu kuliko kukiri. Miaka yote nilidhani msalaba ni kitu cha kuonekana nacho mgongoni. Huu wa leo nimeubeba kwa zamu, nyuma, nikila vumbi la wengine, na ndio wa kwanza niliobeba kweli.

Walipompokea mlangoni Lukas alinishika shati. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Leo umeita," akasema. Wakamwingiza.

Kulwa na wenzake wamegeuza, watalala mjini. Kesho ni Jumapili. Habari yangu itasimuliwa Samuye na watu wengine, nami sitakuwepo kuirekebisha. Wataiongeza, nawajua. Waiongeze. Nikirudi nitasimama kanisani niseme ile fupi, isiyo na ngazi.

Mlango bado umefungwa. Nimesikia mtu akikohoa ndani, labda ni yeye. Walipokuwa wakimwingiza nilimwambia nitakuwa hapa nje, na hapa nje ndipo atakaponikuta, au ndipo watakaponikuta wakija kuniambia.