Kurasa Nane Alizoziacha Benedict Gidahosh Bila Maneno

Baba, shikamoo.

Mwaka mmoja umetimia tangu ulipotutoka, asubuhi ya tarehe kumi na nne Machi, hapa nyumbani Getanuwas, kwa kifua kilichokuwa kikikusumbua tangu mvua zilipoanza. Tunajua shikamoo hii hutaijibu. Hata ulipokuwa hai, ukishashika penseli ulikuwa huijibu, na wageni waliondoka wakidhani umewakasirikia. Sisi wanao tulikuwa tunakuamkia mara tatu, kisha tunaendelea na maisha.

Familia ilikaa kikao ikanichagua mimi, Veronica, mwanao wa kwanza, niandike kwa niaba ya wote, kwa kuwa nasoma shule ya bweni na inaaminika huko tunafundishwa maneno. Baba mdogo Patriki alipiga kura ya hapana. Nimeupokea uteuzi huu kwa unyenyekevu mkubwa.

Kwa wasiokufahamu, ulikuwa fundi wa maandishi. Nusu ya kuta za maduka ya Katesh zina mkono wako, na malori kadhaa bado yanapita barabarani yakiwa na herufi zako mgongoni. Hiyo ndiyo kazi iliyotusomesha. Kazi ya moyo wako ilikuwa katuni. Kitabu chako cha *Gidahosh na Mheshimiwa*, habari za mchungaji mwoga wa ng'ombe na dume lake lenye majivuno, ulikichora mwenyewe, ukakitolea kopi mwenyewe steshenari, ukakunja karatasi juu ya meza ya chakula na kuzibana pini mwenyewe. Siku ya mnada ulikitandaza juu ya turubai, kati ya wauza kamba na wauza shuka. Watu waliofuata mbuzi walirudi nyumbani na mbuzi na kitabu. Ulitoa matoleo manane kwa miaka sita.

Watu watatu tofauti walikuja kulalamika kwamba lile dume ni wao. Kila mmoja ulimkaribisha chai, ukamsikiliza mpaka mwisho, ukamtazama sana pua. Toleo lililofuata, Mheshimiwa alikuwa na pua mpya.

Ulikuwa mpole, baba. Mwalimu Shumbana, aliyehamishiwa huku kutoka Lindi, alikuambia darasa lake la tatu lina watoto wanaokimbia kitabu kama sindano. Ulimpelekea nakala arobaini kwa pikipiki, ukakaa nyuma ya darasa siku nzima uone wanacheka wapi. Ulirudi na vumbi la chaki kwenye suruali, ukasema ukurasa wa sita umekufa, hakuna aliyecheka, na ukauchora upya.

Mtu mmoja wa mjini mwenye kampuni ya vitabu aliwahi kukupigia. Alitaka kukichapa kwa rangi, ila akasema jina Gidahosh ni gumu kwa wasomaji, uweke jina jepesi. Ulimjibu kwamba hilo ni jina la baba yako, na baba yako pia ni mtu mgumu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini lazima tuseme ukweli mbele ya wasomaji: jina hilo ndilo lilikuwa kosa lako kubwa la kitaalamu. Kwa desturi yetu, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Mama akija shuleni kwangu akaulizwa mtoto wake ni Veronica nani, anajibu, "Veronica yule mrefu." Wewe ulitaka kumheshimu babu, ukampa mchungaji wako jina lake, ukasahau ni nani atakuwa msikilizaji wako wa kwanza. Ulikumbuka kopi zote zikiwa zimeshabanwa pini. Mama alikipokea kitabu, akakigeuza mbele na nyuma, akasema, "Umenipa kitabu ambacho siwezi kusema kinaitwaje."

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu mchungaji wako anaitwa Yule.

Na ulimhitaji sana mama, kwa sababu ulikuwa unachora picha kwanza na maneno mwisho. Kurasa zikishakauka wino, viputo vya maongezi vikiwa bado vyeupe, asubuhi ulizibeba ndani ya koti mpaka zizini. Mama anakamua, wewe umesimama unamwambia huyu anasema hivi, dume linajibu hivi. Mama akicheka, uliandika. Akiendelea kukamua, ulitafuta maneno mengine. Chai ya nyumba hii imechelewa miaka sita kwa ajili ya fasihi.

Ndiyo maana toleo la tisa lilitutesa. Yule na Mheshimiwa wamepotelea kwenye ukungu juu ya Mlima Hanang, na kurasa nane za mwisho ulizimaliza kwa wino zikiwa hazina hata neno moja. Ulikuwa umeshamsomea mama maneno yake, bado kuyaandika tu. Wiki hiyo hiyo ukalala, na hukuamka tena kuandika.

Mama alizikunja ndani ya koti lako, akaliweka koti chini kabisa ya sanduku. Tukimwuliza, anakumbuka ghafla kuna ng'ombe wa kukamua. Kule mnadani watu walimsimamisha baba mdogo wakitaka kujua kama jamaa ameshuka. Babu, ambaye kwa miaka sita amemtangazia kila mtu kwamba kitabu kinamhusu yeye, alikuwa akituuliza kila Jumapili, "Nimeshuka, au bado niko juu?" Maneno yako yalikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja ambaye hataki kuyagusa, na kila mwezi uliopita tuliogopa kwamba anayasahau. Baba mdogo alijitolea kuandika ya kwake. Mdogo wangu Octavian aliyasoma akatokwa machozi, na haikuwa kwa huzuni.

Likizo ya Desemba niliziazima zile kurasa bila ruhusa ya mwenye sanduku, na kwa hilo naomba radhi hadharani. Nilizitolea kopi, nikazirudisha zilivyokuwa, kisha nikajaza viputo kwa lugha tunayotumia kumwandikia mkuu wa shule. Asubuhi nilisimama zizini, pale pale ulipokuwa ukisimama, nikaanza kumsomea mama. Mchungaji anasema: kwa heshima na taadhima, ewe ng'ombe mwenzangu, naomba kukujulisha kwamba tumepotea. Dume linajibu: ombi lako limepokelewa na litafanyiwa kazi.

Mama aliendelea kukamua. Nikasoma ukurasa wa pili. Akakamua. Ukurasa wa tatu, dume likiwa linamshukuru mgeni rasmi, mikono yake ikasimama.

"Hakusema hivyo."

Nikamwuliza nani.

"Yule. Hawezi kusema hivyo, yule ni mwoga. Alisema, 'Mheshimiwa, tangulia wewe, mimi nitalinda nyuma.' Na ng'ombe akamwambia, 'Nyuma kuna nini cha kulinda? Ni mkia wangu tu.'"

Kisha alicheka, baba. Hatukuwa tumesikia kicheko hicho tangu tulipokuzika. Alicheka mpaka akaegemea ubavu wa ng'ombe, na akiwa ameegemea hapo kicheko kikageuka, akalia. Sikujua la kufanya, nikashika ndoo. Alipofuta uso kwa kanga alisema, "Andika," akanitajia kurasa zote nane kwa sauti yako, pamoja na kile kikohozi chako cha katikati. Ndama alinyonya maziwa yote ya siku ile. Hakuna aliyemlaumu.

Ikabaki picha ya mwisho. Ukungu umepasuka, na chini kabisa, mlangoni pa nyumba, amesimama mwanamke ambaye hajaonekana katika toleo lolote, mkono mdomoni, anaita. Kiputo chake ni kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kuchora. Nilimwuliza mama huyu anasema nini.

"Hicho hakunisomea," alisema. "Aliniambia nitakiona kikiwa tayari."

Baba mdogo, aliyekuwa amefika kwa ajili ya chai isiyokuwepo, alisema jambo hili liko wazi, mwanamke anamwita mchungaji kwa jina, tuandike GIDAHOSH kwa herufi kubwa tumalize. Mama aliusogeza ukurasa karibu na uso. Mwanamke yule ana mwanya kwenye meno ya juu, na kanga yake imefungwa bega la kushoto, na katika tarafa hii nzima anayefunga hivyo ni mmoja.

Aliomba peni. Hajawahi kugusa kurasa zako kwa peni, baba, hata siku moja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika polepole kwa zile herufi zake za mviringo: *Baba Vero, shuka, ugali unapoa.*

Baba mdogo alilalamika kwa haki kabisa. Mchungaji hana mke wala mtoto tangu toleo la kwanza, wasomaji watauliza Baba Vero ni nani.

"Waulize," mama alisema, akafunika peni.

Toleo la tisa limetoka mwezi uliopita kama alivyoliandika. Wanauliza, kweli, na tunawaambia. Babu alisomewa na Octavian mwanzo hadi mwisho. Aliposikia ameshuka, alichora mchanga kwa fimbo muda mrefu, kisha akasema kwamba wewe ulikuwa mtoto wa kuitwa mara nyingi kabla hujaitika, tangu ukiwa mdogo, na kwamba mama yako hakuchoka.

Misa ya kumbukumbu itasomwa kigangoni kwetu Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Wote mnakaribishwa, wakiwemo wale watu watatu wenye pua.

Unakumbukwa na mkeo Rahel; wanao Veronica na Octavian; mdogo wako Patriki, ambaye amesoma tangazo hili na kudai masahihisho; baba yako mzee Gidahosh; Mwalimu Shumbana na darasa lake; na watu wote wa mnadani waliokusubiri ushuke.

Siku zote tutakukumbuka, baba, na hatutaacha kukuita.