Yai Lenye Mlango

Mwanangu,

Nimetangulia kanisani kupanga maua. Unga wa biskuti za Pasaka nimeshaukanda, umo kwenye bakuli chini ya kitambaa. Waache watoto wakate wenyewe kwa kikombe, zikipinda zipinde.

Mayai ya kupaka rangi ni yale ya kwenye sufuria, nimeyachemsha. Ya kwenye trei ni mabichi, usiwape! Asubuhi kitindamimba wako kachukua bichi, kalichora kwa kalamu yangu ya wino. Nikamfokea, "Unaniharibia yai la keki!" Akaingia chini ya meza, chai hakunywa.

Baadaye nikavaa miwani. Kumbe kachora mlango, na kitasa chake! Jana nilimtegea kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Akategua, "Yai." Kisha akaniuliza, "Sasa kifaranga atatokaje, bibi?" Nikacheka tu, kumbe mwenzangu kalala akiwaza.

~~Mwambie aniombe radhi.~~ Radhi nitaomba mimi nikirudi. Wewe mpe chai kwanza.

Mayai matatu yataitosha keki. La mlango lisivunjwe, nimeliweka kwenye kikombe changu. Mwambie swali lake limenishinda, nimempa mji.

Bibi yao