Kiganja Changu Kwenye Ukuta wa Wajir

Shoga yangu Zawadi,

Salamu kutoka Wajir, kwenye jua kali na mume mtamu kuliko maziwa ya ngamia! Leo Abdi kanipeleka nyumba ya babu yake, ya mawe meupe, kuta nene, ndani baridi kama mtungini. Kila bibi arusi wa ukoo ameacha alama ya kiganja kwenye chokaa mbichi. Cha marehemu mama mkwe, nisiyewahi kumwona, kinalingana na changu kabisa.

Kuta zimepasuka, kesho nyumba inabomolewa. Shangazi yake Abdi hata hivyo alikoroga chokaa.

"Weka chako, abaayo," akaniambia, yaani dada kwa Kisomali.

"Si inavunjwa, shangazi?"

"Wewe si bibi arusi?"

Nikaweka, huku nalia. Zawadi, watakivunja kabla hakijakauka.

Nakukumbatia sana,
Sahra