Nilipanga Kompyuta ya Mume Wangu Kama Nilivyopanga Kabati

Mshauri wangu mpendwa, kabla sijaomba msaada naomba kwanza ujue kwamba hapa Sofu, Kibaha, hakuna mwanamke mwenye furaha kama mimi, nimeolewa wiki ya saba sasa, na mume wangu Mudathir ni mchoraji wa ramani za nyumba, ana vidole virefu vinavyokimbia kwenye kibodi bila yeye kuviangalia, na mimi hukaa nyuma yake na chai ya tangawizi nikimtazama anavyosimamisha kuta mpaka chai inapoa, naenda kuipasha, narudi kutazama tena.

Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Anafanya kazi humo na msaidizi wake Hashiru, mtu wa Bukoba, mkubwa kwake kwa umri, mwenye watoto wanne, ananiita shemeji na hajawahi kusogea jikoni kwangu bila kupiga hodi.

Basi kungwi wangu, Bi Siwema wa Vihingo kule Kisarawe, alinifundisha siku za fungate kwamba mwanamke akiingia nyumbani kwa mume apange kila kitu upya kwa mkono wake mwenyewe, "mpaka akitafuta shati alikute ulipoliweka wewe, si alipoliacha yeye," nami nikapanga kabati, nikapanga jiko, nikapanga viatu, na nyumba ilipokwisha nikaona kimebaki kitu kimoja ambacho mume wangu anakigusa kuliko vyote, nacho ni ile programu ya kuchorea ramani. Usinione mshamba, mshauri, nina cheti cha kidato cha nne na nimefanya kazi miaka miwili kwenye duka la steshenari mtaa wa Picha ya Ndege, kompyuta siiogopi, na nilitazama kwenye simu video za watu wanaofundisha kuchora haraka, wote wanasema ondoa vitufe usivyotumia, sogeza karibu unavyotumia, na amri unazozirudia zipe herufi moja moja. Neno la siri la kompyuta yake ni jina langu na tarehe ya nikaha yetu, kwa hiyo sikuliona kama neno la siri, niliona nimekaribishwa.

Nilianza na vitufe. Vilikuwa vimejaa juu ya kioo kama vyombo vya msibani, nikabakiza kumi na viwili na kuvipanga upande wa kushoto ili shingo yake isichoke, maana nimeichunguza, inachoka. Asubuhi akafungua, akatabasamu, akasema, "Kaka Hashiru, umepanga vizuri hapa." Hashiru akajibu, "Asante, bosi," maana alikuwa ametoka kuifuta meza vumbi na akadhani anasifiwa meza. Mimi nikanyamaza, nilitaka kumwambia siku tutakapotimiza miezi miwili, iwe zawadi.

Jumatano walipokwenda wote wawili msikitini kusali adhuhuri nikabadilisha herufi. Kwa nini mume wangu afikiri kwa herufi za kigeni nyumbani kwake? Nikaweka M iwe mstari, H iwe hamisha, F iwe futa, D iwe duara, N iwe nakili, na kwa kweli zilipendeza.

Kumbe vidole vya mume wangu havisomi, vinakumbuka tu. Kwake yeye F tangu zamani ni ya kukutanisha kuta mbili kwenye kona, na Alhamisi alikuwa anamalizia ramani ya Mwalimu Mwanajuma, mstaafu anayejenga Picha ya Ndege, huku anaongea na simu, akagonga F, akabofya mistari miwili, akaendelea na chumba kingine, na F yangu ikafuta. Baadaye alipotaka kuhamisha mlango kwa M yake ya zamani programu ikamchorea mistari, akadhani kibodi kimeingia vumbi, akayarekebisha makosa aliyoyaona, na moja hakuliona. Akamalizia kwa kubofya vitufe vyangu, Hashiru akachapa, akampelekea Mwalimu, na fundi wake Kondo akachimba msingi.

Leo Jumatatu Mwalimu amekuja na ramani mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mudathir, hiki ni nini?"

"Choo, mwalimu."

"Na hiki?"

"Sebule."

"Na katikati yake?"

Mume wangu akaiinamia karatasi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Mimi nina wageni wengi," Mwalimu akasema. "Nataka kujua wakipiga hodi nitawakaribisha nikiwa nimekaa wapi."

Alipoondoka, mume wangu akafungua mipangilio ya programu na kuona herufi zote zimegeuzwa.

"Kaka Hashiru, neno la siri tunalijua wawili tu. Na wiki iliyopita nilikusifu kwa kupanga humu ukasema asante."

"Bosi, nilidhani unasifia meza."

"Meza?"

"Niliifuta. Wallahi humo ndani sijagusa kitu."

Mume wangu hakupandisha sauti, hata hasira yake ni ya upole, akamwambia tu kwamba Ijumaa baada ya swala akabidhi funguo za ofisi na waachane kwa heri. Mimi nilikuwa nimesimama pale na chai. Nikaenda kuipasha.

Nifanye nini, mshauri? Nikisema, mume wangu atajua kwamba mke wa wiki saba ndiye aliyemwondolea mteja ukuta wa choo, na nikinyamaza Hashiru anaondoka, na mkewe alituletea mkungu mzima wa ndizi siku ya harusi. Nimefikiria kurudisha herufi za zamani kimyakimya wakienda msikitini tena, kisha nimwombee Hashiru msamaha kama mke mwenye huruma. Na kama nafasi ipo, naomba unishauri namna ya kumshawishi mume wangu abaki angalau na N ya nakili, kwa sababu hiyo hakika ni nzuri. Jina langu usiliandike.

Mwenye Furaha na Hofu, Sofu


JIBU

Mwenye Furaha, barua yako ina mistari mingi kuhusu vidole na shingo ya mumeo, na mmoja kuhusu watoto wanne wa Hashiru. Nitaanza na huo mmoja. Kuna mtu mzima atakayefika kwa mkewe Ijumaa hii na kumweleza kwamba hana kazi, na hataweza kusema kwa nini, kwa kuwa anayejua ni wewe. Mengine yote yanaweza kusubiri hadi Jumamosi. Hilo haliwezi.

Sikulaumu kwa kupenda. Ila mapenzi yako yamekuwa na haraka kuliko maswali. Bi Siwema alikufundisha habari ya shati. Shati likihamishwa mtu huuliza, "Mke wangu, shati langu liko wapi?" Mkono hauulizi.

Nimemsomea barua yako mpwa wangu Margareth, anayechora ramani kwa programu ya aina hiyo hiyo. Alicheka, kisha akaniuliza kama mumeo bado anakula. Anasema vitufe ulivipanga vizuri, na wachoraji wengi wanakaa miaka na kioo kilichojaa takataka kwa uvivu tu. Lakini herufi ni za mkono unaozitumia. Anayetaka kuzibadilisha huhifadhi kwanza nakala ya mipangilio ya zamani, kisha hubadilisha herufi moja, anaitumia wiki nzima, ndipo anagusa ya pili. Wewe ulibadilisha tano kwa muda wa swala moja, kwa niaba ya mtu aliyekuwa amesujudu. Anasema pia kwamba wawili wakitumia kompyuta moja kila mmoja awe na akaunti yake na neno lake la siri, na kwamba hakuna ramani inayotoka ofisini kabla mtu wa pili hajaipitia na penseli, chumba kwa chumba. Hilo ni kosa la mumeo, na ukishakiri la kwako unaweza kumwambia.

Sasa sikiliza vizuri. Herufi usizirudishe. Faili la mipangilio lina siku na saa lilipobadilishwa: Jumatano, adhuhuri, wakati Hashiru alipokuwa safu moja na mumeo msikitini. Ukiligusa tena utafuta saa hiyo, na saa hiyo ndiyo shahidi pekee wa Hashiru. Na huo mpango wa kumwombea msamaha kwa kosa ulilofanya wewe, sitaki kuusikia tena. Hiyo si huruma.

Kesho asubuhi, wote wawili wakiwa ofisini, ingia bila chai. Fungua kompyuta, waonyeshe ulivyofanya, herufi kwa herufi. Kisha nendeni na mumeo Picha ya Ndege kwa Mwalimu Mwanajuma, fundi Kondo achimbe msingi wa ukuta uliosahaulika. Bado ni mtaro tu. Mngesubiri tofali zipande ingekuwa habari nyingine.

Kuhusu N ya nakili: hapana.

Nakutumia jibu hili leo Jumanne kwenye namba uliyoacha, kwa sababu gazeti linatoka Alhamisi. Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha yote, lakini ule ukuta siwezi kuuficha, na mumeo akiusoma atajua ni wa nani. Una siku moja ya kusema kabla sijakusemea.

Na usianze na yeye. Mumeo atakusamehe kwa sababu anakupenda. Hashiru hana sababu hiyo, kwa hiyo muombe yeye kwanza, ukiwa umesimama, na mumeo akisikia.