Fomu ya Fundi Seremala

Shoga, nimejifungia chooni ofisini.

Unamkumbuka fundi seremala tuliyemcheka mwandiko? Yule aliyeomba kwetu ufadhili wa karakana ya kufundisha vijana waliotoka kwenye magenge ya uhalifu. Amekuja leo, mzee wa watu, kofia mkononi.

Ananiuliza, "Mwanangu, nilikosea wapi? Niambie nijirekebishe."

Nikamjibu eti kamati iliona mpango haujakamilika. Kamati gani? Ni mimi. Niliikataa fomu yake bila kufungua ukurasa wa pili.

Bila kufungua, shoga.

Akasema karakana ameifunga mwezi uliopita. Vijana wanane wametawanyika. Wawili wamerudi kwenye genge, na mmoja wao amelazwa, amechomwa kisu.

Halafu akanishukuru. "Asante kwa kunisikiliza, mwanangu." Mimi huyu wa kushukuriwa?

Nikamwomba asubiri, nikaichomoa fomu kabatini, nimeisoma humu chooni. Mpango umekamilika. Kila kijana ameandikiwa jina, na kazi anayoiweza.

Bado amekaa mapokezi. Natoka kumwambia ni mimi, kisha nampeleka kwa bosi, nikaseme tena mbele yao wote wawili.